Tana huanza angani kabla ya kuanza mlimani

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Sina nia ya kuwakosoa waliotutangulia, lakini nathubutu kusema kwamba aliyeitunga methali hiyo hakupata kukaa Bura mwezi wa Julai. Asubuhi za mwezi huo, mtu akisimama ukingoni mwa Mto Tana na kuinua macho, huona mawingu ya chini yakipita kwa kasi kutoka kusini kwenda kaskazini, kundi baada ya kundi, mithili ya ngamia walionusa kisima. Kufikia adhuhuri yametoweka. Halidondoki hata tone. Vumbi hupanda, ng'ombe huteremka mtoni, na mti wa mathenge ndio pekee unaobaki na rangi ya uhai.

Mara ya mwisho nilipoitazama ajabu hiyo nilikuwa nimeketi na mzee mmoja mfugaji, upande wa mashariki wa mto. Nikamwuliza, "Mzee wangu, mawingu yote haya yanakwenda wapi?" Akatabasamu. "Mwanangu, hayo yana wenyewe. Yetu sisi huja kwa mto." Nimeyatafakari maneno hayo kwa muda mrefu. Kadiri ninavyosoma maandishi ya wataalamu wa hali ya hewa, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba mzee yule, pasipo kipimo wala kitabu, alilitaja jambo ambalo wapangaji wetu wa maji hawajalitia maanani ipasavyo.

Kwa msomaji asiyepajua mahali penyewe, Bura ni mbili, zinazotazamana ng'ambo kwa ng'ambo. Moja iko mashariki ya mto, katika Kaunti ya Garissa, nchi ya wafugaji. Nyingine iko magharibi, katika Kaunti ya Tana River, ambako serikali, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilianzisha mradi mkubwa wa kilimo cha kunyunyizia mashamba maji. Wakulima wa kwanza waliwasili mwaka 1981 kutoka pembe nyingi za nchi, wakaahidiwa pamba na maisha mema. Kabla ya mwongo huo kwisha pampu za Nanigi zilikuwa zimechoka, mifereji imekauka, na familia nyingi zimeachwa zikitazama mashamba yaliyogeuka vichaka. Mradi ulifufuliwa baadaye, na leo mahindi yanavunwa tena. Lakini swali la msingi halijapata kubadilika: je, maji yatakuwamo mtoni siku yanapohitajika?

Mvua ya Bura yenyewe ni milimita 300 hadi 400 hivi kwa mwaka, na huja kwa pupa, siku chache tu. Hapana mkulima anayeweza kuitegemea. Kinyume chake, miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya hupata zaidi ya milimita 2,000. Ni huko, na katika safu ya Nyandarua, ambako Tana hukusanya maji yake: Sagana, Chania, Thika, Maragua, Thiba, Mutonga, Kathita. Ukishaziacha nyanda za juu, mto huu haupati tena kijito cha kudumu. Hupokea laga za msimu tu, nao huendelea mamia ya kilomita katika nchi kavu, ukipungua kwa jua na kwa mchanga. Kwa hiyo mtu wa Bura hanyweshwi na mbingu zilizo juu ya kichwa chake. Hunyweshwa na mbingu za Embu, Meru, Kirinyaga, Nyeri na Murang'a. Mbingu hizo zikibadilika, yeye ndiye wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kuumia.

Basi tuulize: mbingu hizo nazo huyatoa wapi maji? Jibu ni kwamba sehemu kubwa huyapata Bahari Hindi. Jua huunguza uso wa bahari, mvuke hupanda, pepo huuchukua hadi bara. Hivyo mto wa ardhini hutanguliwa na mto wa angani usioonekana kwa macho, nao una mikondo yake, una misimu yake, na kama mto wowote, waweza kujaa, kupungua au kuhama njia.

Mkondo mkubwa kuliko yote hupita juu ya Bura yenyewe. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater, akichunguza vipimo vya pepo vya Kenya ya mashariki, alionyesha kwamba wakati wa kusi kuna mkondo mwembamba wa upepo unaovuka ikweta kilomita moja au moja na nusu hivi juu ya ardhi, kwa kasi inayoweza kupita kilomita 90 kwa saa. Mkondo huo huzunguka pembe ya Somalia, huivuka Bahari ya Arabuni na kuipelekea Bara Hindi mvua zake za masika. Haya ndiyo mawingu ya Julai ambayo mzee wangu alisema yana wenyewe. Wenyewe wako Kerala na Mumbai.

Kwa nini yasitunyeshee sisi kwanza? Kwa sababu kuwapo kwa unyevu angani si mvua. Ili mvua inyeshe sharti hewa ipande, ipoe, na mvuke ugande kuwa matone. Kusi hupita sambamba na pwani, huongeza kasi jinsi unavyokwenda, na hewa inayoongeza kasi hutawanyika na kuvuta chini ile iliyo juu yake. Tena hapana mlima wa kuikinga katika tambarare ya Garissa. Mambo hubadilika pale kusi na kaskazi zinapopokezana, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba. Pepo hulegea, hugeuka kutoka mashariki, huufikia Mlima Kenya, hupanda miteremko yake na kuutua mzigo. Hizo ndizo masika na vuli, au kama wasemavyo ndugu zetu Wasomali, Gu na Deyr. Na iko njia nyingine. Mwaka 1982 J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walieleza mkondo wa upepo unaopenya kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, katika bonde la Turkana. Mkondo huo huubeba unyevu wa Bahari Hindi na kuupitisha hadi ndani ya bara, na kuziacha nyuma nchi kavu zilizo njiani.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu bila kuyaelewa hatuwezi kuelewa kinachotupata sasa. Dunia imepata joto. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Mtu mwenye haraka atasema: alhamdulillahi, basi mvua zitaongezeka na Tana utajaa. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo! Hewa yenye uwezo wa kubeba zaidi ni kama mchukuzi aliyepewa gunia kubwa. Akilitua, hulitua kwa kishindo. Asipolitua, hupita nalo. Na pale penye ukame, hewa hiyo hiyo yenye kiu huyanyonya maji ya mabwawa, ya mifereji na ya mashamba kwa nguvu kuliko zamani. Mkulima wa Bura hupata hasara pande zote mbili.

Ushahidi si wa kubuni. Tangu miaka ya 1980 masika ya Afrika Mashariki yalianza kudhoofika, na baada ya 1998 udhaifu huo ulionekana wazi zaidi. Wataalamu walipochunguza waligundua kwamba msimu wenyewe ulikuwa umefupika: mvua zilichelewa kuanza na kuwahi kukoma. Sababu moja kubwa iko mbali sana nasi, katika Bahari ya Pasifiki ya magharibi, upande wa Indonesia, ambako maji yamepata joto jingi. Hewa hupanda huko kwa nguvu, na kilichopanda sharti kishuke mahali. Mara nyingi hushuka juu yetu, na hewa inayoshuka huyafukuza mawingu. Hapo ndipo mtu wa Nanigi anapofungamana na bahari ambayo hajapata kuiona hata katika picha.

Vuli nayo imeelekea kwingine. Pale maji ya Bahari Hindi ya upande wetu yanapopata joto kuliko yale ya upande wa Sumatra, mto wa angani hugeuzwa kuja kwetu, na mvua hunyesha bila huruma. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, 1997, 2019 na 2023. Kwa ujumla vuli imekuwa ikielekea kuongezeka, huku ikiyumba zaidi kati ya mwaka na mwaka.

Sasa tazama mfululizo wa miaka hii ya karibuni. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu 5 ilikosa mvua mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa muda usiopungua miaka 40. Mizoga ilitanda kandokando ya barabara za Garissa na Wajir. Kundi la wanasayansi linalojulikana kama World Weather Attribution lilisema mwezi Aprili 2023 kwamba ukame wa namna ile ulikuwa umefanywa uwezekane angalau mara 100 zaidi na mabadiliko ya tabianchi. Miezi michache baadaye ikaja vuli ya 2023 na gharika yake, Garissa ikakatika na Nairobi, na kundi lile lile likasema mvua zile zilikuwa kali hadi mara 2 kwa sababu hiyo hiyo. Kisha masika ya 2024, ambayo kwa hesabu ya miaka mingi tungetazamia yawe dhaifu, yakafurika. Barabara ya Madogo ikazama tena, watu wakavushwa kwa mashua, na wengine wakafa maji walipokuwa wakijaribu kuvuka. Watu waliozika mifugo yao kwa kiu walihamishwa kwa mafuriko kabla hata ya kununua mbuzi wengine.

Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike. Kilichobadilika si kiasi cha maji tu. Kilichobadilika ni uaminifu wake. Na mipango yetu yote ya Mto Tana imejengwa juu ya neno moja linaloitwa wastani. Tunajumlisha miaka, tunagawanya, tunapata tarakimu, kisha tunaigawia miji, umeme na mashamba. Lakini wastani wa mwaka wa kiu na mwaka wa gharika hauoteshi muhindi hata mmoja. Pampu ya kuvuta maji haifanyi kazi kwa wastani. Mto ukiwa chini mno hufyonza tope, na ukiwa juu mno huzama. Hata pale serikali ilipoamua kuyaleta maji Bura kwa mteremko badala ya mafuta ya dizeli, uamuzi ambao naupongeza kwa dhati, mlango wa mfereji bado wamtegemea mto uliomo siku hiyo, si mto uliomo vitabuni.

Kabla sijaendelea, yanipasa niondoe imani mbili ambazo huzisikia mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba Tana unakauka kwa sababu barafu ya Mlima Kenya inayeyuka. Ni kweli barafu hiyo inatoweka, na kwamba mto wa barafu wa Lewis, ambao Stefan Hastenrath aliupima kwa miongo mingi, umebaki kipande tu. Lakini maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya maji ya Tana. Barafu ile ni kama mwenge unaotuonyesha kwamba anga la mlimani limegeuka. Haikuwa ghala letu kamwe. Imani ya pili ni kwamba tukipanda miti mlimani mvua itarudi yenyewe. Mimi ni mtetezi wa misitu, lakini tuseme ukweli: mvuke mwingi hutoka baharini, na msitu hauwezi kuiamuru Pasifiki. Kazi kuu ya msitu ni kuipokea mvua ikija kwa kishindo, kuizamisha ardhini, na kuitoa polepole mwezi wa kiangazi. Kadiri mvua inavyozidi kuja kwa kishindo, ndivyo kazi hiyo inavyozidi kuwa na thamani. Anayekata msitu wa Nyandarua leo anamharibia mtu wa Bura mtungi wake, hata kama hamwibii mawingu.

Mtungi mwingine ni mabwawa. Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga, lililo la juu kabisa na kubwa kuliko mengine, linaweza kuhifadhi mita za ujazo bilioni 1.5 na zaidi. Mwaka 2009 maji yake yalipungua hata mitambo ikazimwa. Mwaka 2024 yalimwagika juu ya ukingo. Bwawa ni lile lile, ukuta ni ule ule. Kilichotofautiana ni mzigo ulioshushwa na upepo. Tangu mabwawa haya yajengwe, mafuriko ya kadiri, yale yaliyokuwa yakiwanyweshea Wapokomo mashamba ya ukingoni na kuipa uhai misitu ya mtoni, yamepungua. Mafuriko makubwa hayakupungua, kwa kuwa bwawa lililojaa haliwezi kuzuia kitu. Wakazi wa chini wamepoteza yaliyowafaa wakabakiwa na yanayowaua.

Wakati huo huo mikono inayochota huko juu inaongezeka. Nairobi hupata sehemu kubwa sana ya maji yake katika vyanzo vya Tana. Mfereji wa chini ya ardhi wa Northern Collector, katika Kaunti ya Murang'a, huchota mito ya Maragua, Gikigie na Irati kuyapeleka bwawa la Thika. Wenye mradi walieleza kwamba hayo ni maji ya mafuriko tu. Sina ugomvi na kiu ya Nairobi. Nao ni watu na wana watoto. Lakini je, mafuriko yatapimwa kwa kipimo cha mwaka gani? Na bwawa la High Grand Falls, ambalo limekuwa katika mipango ya taifa kwa miaka mingi, linakadiriwa kwa mto upi: ule wa babu zetu, au huu tulio nao?

Sipendi kulalamika bila kupendekeza. Kwanza, tupime. Vituo vinavyorusha maputo kupima unyevu na pepo za juu ni vichache mno katika nchi hii, ilhali mkondo mmoja wa pepo mashuhuri duniani hupita juu ya Garissa. Vipimo vya mvua na vya mito huko vyanzoni navyo vyahitaji watu, vipuri na fedha kila mwaka, si siku ya uzinduzi tu. Pili, sheria ya kufungulia mabwawa iandikwe upya kwa kutazama utabiri wa msimu. Dalili zikionyesha kwamba Bahari Hindi imegeuka upande wetu, nafasi iachwe bwawani mapema, na maji yatolewe kidogo kidogo. Onyo nalo lifike Bura, Hola na Garsen kwa lugha za wenyeji, siku kadhaa kabla ya maji yenyewe. Tatu, haki ya mtu wa mwisho iandikwe. Katika mwaka wa kiu kuwe na kiwango ambacho mto hautaruhusiwa kushuka chini yake pale Garissa, hata kama taa za mijini zitafifia. Nne, gharika nayo ihifadhiwe. Silanga na mabonde ya kale ya mto yaliyo pande zote mbili za Bura yaandaliwe kupokea maji ya mwaka wa neema, ili yawafae mifugo mwaka wa dhiki.

Najua nitaambiwa kwamba haya yanahitaji fedha. Ni kweli. Lakini fedha zilizotumika kugawa chakula katika ukame ule na kuhamisha watu katika mafuriko yale hazikuokotwa barabarani. Nitaambiwa pia kwamba sisi hatukulitia dunia joto hili. Hilo nalo ni kweli, na wenye viwanda wakubwa walipe deni lao. Hata hivyo, anayeungua hangoji kesi iamuliwe ndipo amwage maji.

Kusi itavuma tena, na mawingu yatapita juu ya Bura kama kawaida yake, yakienda kwa wenyewe. Hatuwezi kuyasimamisha. Yaliyo yetu huja kwa mto, alisema mzee yule. Mto huo una walinzi waliolipwa, una sheria, una mabwawa na vitabu vya hesabu. Iwapo utamfikia mkulima ukiwa tope au ukiwa gharika, hapo hatutaweza kuusingizia upepo peke yake.